Mtu Aliyemfuata Verna Trezise

Verna Trezise aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyeshuka kwake akiwa na hata jino pungufu. Sifa hiyo aliitaja mwenyewe, mara nyingi bila kuulizwa. Kule Kadina, kwenye mashamba ya ngano, wako wanaume wenye vipara na wajukuu ambao mpaka leo wakikutana naye dukani hunyoosha mgongo kwanza ndipo wamsalimie. Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na mdomo wake haukujua likizo.

Mumewe Colin alipofariki, watu walidhani atauza karavani. Hakuuza. Kila mwaka baridi ilipoanza kuuma aliifunga nyuma ya gari lake akashika njia ya kaskazini peke yake, wiki sita au saba, analala porini, anapika kwenye moto wake, anarudi mwekundu kwa vumbi na mwenye furaha. Karavani yenyewe ilikuwa nyeupe, na mgongoni ilikuwa na mistari miwili mipana ya rangi ya machungwa aliyoipaka Colin kwa mkono wake, ikaenda upande. Haikupendeza, lakini ilionekana kutoka mbali sana.

Tena alikuwa na tabia moja ya kazini ambayo kustaafu hakukuiondoa. Akiendesha, anatangaza. Wasafiri wa karavani wana redio ya upepo kwenye magari yao, wanaulizana hali ya barabara na mahali pa kulala. Verna aliifanya redio hiyo kituo chake mwenyewe. "Shimo kushoto, kubwa. Lori la ng'ombe linakuja, jibaneni pembeni. Korongo mbele, taratibu, taratibu." Wenye haraka walimcheka, wengine wakazima.

Mwaka aliofikisha sabini na sita, mwezi wa tano, alikuwa akirudisha karavani nyuma akagonga geti la jirani. Yeye atakwambia geti lile lilikuwa bovu tangu enzi na enzi. Binti yake, Janelle, hakutaka kusikia habari ya ubovu wa geti.

"Mama, safari hii iwe ya mwisho."

"Ya mwisho kwa nani?"

"Mwezi wa nane daktari anajaza fomu ya leseni yako. Nikisikia kitu kimoja tu kibaya huko njiani, Mama, kimoja, nakwenda kumwambia mwenyewe."

"Na nani atakuletea habari? Kunguru?"

Janelle hakujibu. Kule kutojibu ndiko kulikomwingia Verna rohoni. Kilomita mia tano za mwanzo alikuwa bado analigeuza kichwani: mtu asiyejibu swali la namna ile ana jibu.

Basi alipofika Farina, penye magofu ya mji wa reli na miti mizuri ya kulala chini yake, akaona gari jeupe la nguvu, lenye hema juu ya paa, linaingia dakika ishirini baada yake na kusimama nyuma ya karavani yake. Hakujali. Kesho yake, Coward Springs, gari lile lile, dakika ishirini, nyuma yake. Hapo akajali.

Verna akamwendea Gaye, mwanamke wa Ballarat aliyekuwa akipiga naye soga redioni tangu juzi. Ilikuwa saa kumi, ile saa ambayo kila msafiri hutoka na kiti chake na kikombe chake, wakakaa duara kusimuliana uongo.

"Gaye, unamwona yule?"

"Nani, Clem? Mzee wa watu, mpole."

"Jina umelijuaje?"

"Si alilitaja! Clem Noske, mkulima wa Robertstown. Wewe ulikuwa unaongea, hukusikia."

"Mkulima gani, mwenye gari la nguvu namna ile, anakubali kumeza vumbi langu siku mbili? Mimi ningekuwa nimepita zamani."

"Barabara ni moja, Verna. Unataka apite angani?"

Watu walicheka, na Verna akacheka nao kwa meno ya mbele tu. Macho yalibaki kwa mzee yule. Alikuwa mrefu, amekauka, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu ambayo Verna hakuipenda hata chembe: kichwa kageuza kando, kana kwamba anachungulia. Mtu mwaminifu hukutazama usoni, hilo aliwafundisha watoto wa basi lake vizazi vitatu.

Jua lilipokuwa linashuka mzee akaja mpaka mlangoni pa karavani na kopo mkononi.

"Hebu nisomee hapa, bibie. Miwani nimeisahau nyumbani. Haya ni maharage au supu?"

"Mtu anafunga safari ndefu namna hii anasahau miwani?"

"Nilikumbuka chupi, nikaona inatosha."

"Maharage," Verna akasema, akajibanza mlangoni ili mzee asione ndani. Alijua huyu anachotafuta: jiko lililoachwa linawaka, vidonge vilivyomwagika, kitu cha kutia kwenye ripoti. "Na wewe unaelekea wapi hasa?"

"Darwin, nikijaaliwa. Mimi nakufuata wewe tu," akasema, tena kwa tabasamu. "Dereva wa basi la shule hapotei."

Machale yakamcheza Verna. Hakuwa amemwambia mzee yule habari ya basi. Alikumbuka vizuri kila alichosema naye, kwa kuwa kilikuwa kidogo. Sasa nani kamwambia? Akafunga mlango, akakaa kitandani mikono mapajani, hasira zimempanda. Janelle! Amemkodi mzee, amempa na picha ya karavani.

Siku ya tatu alimjaribu. Alipunguza mwendo mpaka anatambaa. Kwenye kioo, gari jeupe likatambaa. Akaongeza, nalo likaongeza. Akasimama kando ya njia eti anakagua matairi, nalo likasimama kule nyuma, vumbi linatulia, halisogei wala halipiti. Tangu siku hiyo kila alichokifanya alikifanya kama mtu aliye kwenye mtihani. Alipima maji ya injini mara tatu. Alipogeuza karavani pale Algebuckina, kando ya maji chini ya daraja la chuma la reli ya zamani, alishuka kuangalia nyuma mara nne, jambo ambalo lingemchekesha dereva yeyote, na starehe yote ya mahali pale ilimpita. Aliona uchungu kwa hilo kuliko kwa jingine lolote. Ile ilikuwa furaha yake ya mwaka, na mtu alikuwa ameketi nyuma yake akiinyonya.

Clem akaja na swali lake la kila siku.

"Kesho unaondoka saa ngapi, bibie? Unashika njia gani?"

Ukweli ni kwamba Verna alikuwa akielekea Marla, njia ya kila mtu. Lakini mdomo wake ukamtangulia.

"Dalhousie. Nataka kuloweka magoti kwenye ile chemchemi ya maji ya moto."

Mzee akageuza kichwa kando, akamchungulia. "Kwa njia ya Hamilton? Na karavani hiyo? Wanasema mvua ya juzi imekata makorongo huko."

"Nimepita matope na watoto arobaini wakiimba nyuma yangu. Utanifundisha makorongo?"

"Haya, haya. Dalhousie. Baada ya chai?"

"Baada ya chai."

Akaondoka akilirudia jina lile polepole, Dalhousie, Dalhousie, na Verna akamsindikiza kwa jicho. Nenda kapeleke habari, akasema moyoni.

Sasa hapa lazima isemwe, maana asiyekaa nchi ile anaweza kuona ni uongo mdogo. Kule mtu hudanganya umri wake, hudanganya samaki aliyemvua na idadi ya chupa alizokunywa, na hakuna anayemlaumu. Njia haidanganywi. Njia unayoitaja ndiyo watu watakayokutafutia usipofika, na kutoka nyumba hadi nyumba ni nusu siku. Verna alilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Usingizi ulichelewa kumchukua, akajiambia kwamba mpelelezi hahesabiwi kuwa mtu.

Alfajiri akaondoka bila chai. Redio aliizima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Colin alipoifunga garini. Oodnadatta akajaza mafuta, akanywa kahawa kwa kusimama, akatoka. Kilomita kama kumi na saba mbele, njia inapogawanyika, kulia Hamilton na Dalhousie, kushoto Marla, alishika kushoto huku akipiga mluzi. Saa nne asubuhi alikuwa ameegesha kando ya mto mkavu, birika juu ya moto, kiti kimetazama njia aliyotokea. Saa tano hakuna gari jeupe, wala saa sita. Verna alicheka peke yake mpaka kunguru wakaruka.

Saa saba likaja pikapu la watu wa barabara, wale wa greda. Akashuka kijana mwenye kofia ya jua, akaitazama karavani, akaitazama mistari ya machungwa, akavua kofia.

"Wewe si Verna?"

Verna akaweka kikombe chini. "Nani anauliza?"

"Watu wote wanauliza, mama! Mimi Bevan, natoka Oodnadatta. Umepotea, hujui?"

"Nimepotea wapi? Si ninakunywa chai?"

"Kuna mzee njia ya Hamilton. Asubuhi alikutana na mchunga ng'ombe anatoka huko, akamuuliza kama amepishana na karavani. Yule akasema hajaona hata baiskeli. Basi mzee akaanza kukutafuta, korongo moja baada ya jingine, mpaka akatumbukia yeye. Mchunga ng'ombe aliporudi kumvuta, mzee hakutaka. Niacheni mimi, anasema, mtafuteni mama wa karavani. Polisi wameshapigiwa."

"Polisi?"

"Ndiyo, na wao watawapigia watu wako. Ndivyo inavyokwenda."

Verna akashika ubavu wa gari. Kitu kimoja tu kibaya, alisema Janelle, na sasa angesikia mama yake ametoweka jangwani na polisi wako mbioni.

"Bevan, mwanangu, waambie nimepatikana. Sasa hivi."

"Hapa simu haishiki, na redio yangu haifiki. Mpaka Marla."

"Basi kimbia Marla. Mimi nakwenda kwake."

Aliifungua karavani kwenye gari akaiacha pale pale na moto umezimwa kwa teke. Njia nzima ya kurudi alimtukana Clem Noske kwa sauti. Usidhani alijilaumu, bado. Ndiyo hila yenyewe, alisema, amejitumbukiza makusudi apate cha kuripoti, eti mama yako amenidanganya njia, mama yako akili zimepungua. Hata pale alipoacha njia ya Marla na kuingia ya Hamilton, mawe yakaanza kupiga chini ya gari, alikuwa anapanga maneno atakayomwambia, na yalikuwa makali.

Kwenye korongo la tatu akaona gari jeupe, pua imezama kwenye mtaro ambao maji yaliuchimba katikati ya barabara. Kabla ya mtaro watu wa barabara walikuwa wameweka pipa la onyo, jekundu, linamfika mtu kiunoni. Sasa lilikuwa limelala chini ya gari la Clem, limebonyea kama kopo la maharage. Verna alilitazama pipa lile kwa muda. Barabara ni nyoofu, pipa linaonekana kutoka nusu kilomita.

Clem alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, kivulini. Aliposikia hatua akainuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mama. Samahani, huko ulikotoka hujakutana na mama mmoja, karavani yake ina mistari ya machungwa nyuma? Mtu mzima, mfupi hivi, anaongea sana."

Verna alikuwa hatua tano mbele yake, jua limemwangaza uso mzima.

Maneno yote aliyoyapanga yakamkauka. Mzee akageuza kichwa kando, akachungulia kwa pembe ya jicho, akangoja jibu kwa adabu. Na papo hapo Verna akaelewa: kopo la maharage, miwani, kule kuchungulia, vumbi alilokubali kulimeza.

"Clem," akasema. "Ni mimi."

Mzee akakaa chini kwa kishindo. "Verna? Uko mzima?" Halafu akafunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanamcheza, na Verna hakujua kama analia au anacheka. "Mzima. Ee Mungu. Nilidhani nimekuua."

"Umeniuaje wewe?"

"Kwa kutokukuona. Nimepita makorongo mawili nikajua kama umo ndani sitakuona."

"Macho yako yana nini?"

"Katikati pamekufa. Pembeni kunaona. Miaka miwili sasa." Alisema taratibu, kama mtu anayetua gunia. "Mistari yako naiona. Ni mibaya, Mungu ambariki aliyeipaka, lakini naiona. Na ulikuwa unanisomea barabara, bibie. Shimo kushoto, lori linakuja. Nimeendesha kwa sauti yako tangu Farina. Yote niliyasikia redioni, basi, watoto, geti la jirani, yote. Leo umekuwa kimya."

Verna akahisi uso unawaka. Mwenyewe! Mwenyewe ndiye aliyetangaza habari ya basi, nusu siku, akimwambia Gaye na dunia nzima.

"Mimi nilidhani binti yangu amekutuma unichunguze," akasema. "Nilikudanganya njia. Sikuwa nakwenda Dalhousie."

Clem akainua kichwa. "Ulidanganya njia?"

"Ndiyo."

"Lo," akasema, na hilo moja lilimchoma Verna kuliko tusi.

Mbali, upande wa Oodnadatta, vumbi likainuka. Clem alilisikia gari kabla hajaonyeshwa. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Polisi hao. Sikia, Verna. Mimi nitasema jua lilinipiga machoni, asubuhi jua linakuwa mbele, wataamini. Na njia nitasema nilisikia vibaya, masikio ya mzee. Wewe hukudanganya mtu. Binti yako haambiwi kitu. Tunaondoka pamoja, unanisomea, nafika Darwin kwa dada yangu, basi. Baada ya hapo siendeshi tena. Nakuapia."

Ilikuwa hesabu nzuri, na Verna aliitaka. Tusimpambe: aliitaka kwa moyo wake wote. Aliona baridi ya mwaka ujao, njia, moto wake, birika lake. Aliona pia lile pipa. Siku mbili nyuma, kwenye korongo kama hili, walipishana na familia iliyosimama kupika chai, watoto watatu wakicheza mpira katikati ya barabara. Yeye alitangaza, "Watoto mbele, wote tusimame." Na kama siku hiyo angekuwa amezima redio?

Polisi alikuwa mtu mzima, mtulivu, kofia pana. Aliwasalimu, akalizunguka gari, akainama kulitazama pipa.

"Mzee, hili hukuliona?"

"Jua, afande. Lilinipiga usoni."

Polisi akatazama upande wa njia inakoelekea, akaitikia kwa kichwa. "Wengi linawapiga hapa. Na huyu mama?"

"Nilimsikia vibaya," Clem akasema haraka. "Alisema Marla."

"Nilisema Dalhousie," Verna akasema. "Nilimdanganya ili asinifuate. Andika."

Kalamu ilisita. "Mama, unajua nimeshampigia binti yako? Hajaambiwa bado kwamba umepatikana."

"Mwambie nimepatikana. Na mwambie nilidanganya njia, nisije nikasema mimi akadhani natania." Akamnyooshea Clem kidole. "Na jingine. Huyu haoni."

"Verna," Clem akasema.

"Haoni, afande. Nimesimama mbele yake akaniuliza kama nimekutana na mimi. Amekuja mpaka hapa kwa kusikiliza redio."

"Verna, nakuomba."

"Nakuchukia kwa kunifanya niliseme," akamwambia, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, yeye ambaye watoto wa Kadina waliapa hana. "Utapanda gari langu. Nitakufikisha Darwin mimi, kama wataniacha. Lakini huendeshi."

Upepo uliinua vumbi la korongo kidogo, likatulia. Polisi alikunja daftari, akasema kwa upole uliozidi mno, "Mzee, naiomba leseni yako."

Clem alitafuta mfukoni muda mrefu. Akaitoa, akaishika kwa vidole viwili, akainyoosha mbele. Aliinyoosha upande aliokuwa Verna, maana ndiye aliyekuwa karibu, na polisi hakujua amesimama wapi. Polisi hakusogea. Verna akaipokea, akampa.